Linafanyiwa Kazi na Nani? Mhadhara juu ya Maneno Yanayokera

   

Akianza hotuba, msemaji wa siku hizi husema, "Itifaki imezingatiwa." Kauli hiyo hutolewa baada ya kusoma majina ya wageni kumi na wanne pamoja na vyeo vyao, kwa hiyo haiokoi hata dakika moja. Na ukiisikiliza vizuri utajiuliza: imezingatiwa na nani? Anayepaswa kuizingatia ni huyo huyo aliyeshika kipaza sauti. Yeye anatutangazia tu kuwa imekwisha kuzingatiwa, utadhani kuna mtu alipita ukumbini asubuhi, akaizingatia, akaenda zake. Mkuu wa shule aliyesahauliwa kutajwa amekaa mstari wa pili, anatazama viatu vyake. Umbo la sentensi hiyo, kitenzi kilichotendwa bila mtendaji, ndilo litakalotuchukulia sehemu kubwa ya jioni hii.

Nimefanya kazi ya uhariri wa magazeti kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Mhariri ni mtu anayelipwa mshahara ili akerwe. Wenzangu wa barazani wanalijua hilo, kwa hiyo kila nikikaa wananiletea mashtaka yao. Mmoja hataki kabisa kusikia "masaa". Mwingine hawezi kuvumilia "kiukweli". Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, huzima redio mtangazaji akisema "wakina mama", na anaweza kukaa bila redio mpaka taarifa ya habari ya usiku. Yupo asiyetaka "nachotaka kusema" badala ya "ninachotaka kusema". Yupo anayekasirishwa na "mubashara", ingawa kwa miaka mingi alilalamika kwamba watangazaji wanasema "laivu".

Nawaheshimu wote, na mashtaka mengi nayakubali. Lakini naona hasira zetu zinampiga mtu asiye na kosa huku mwizi akiondoka polepole na koti lake la suti.

Tuanze na "masaa", kwa kuwa ndiyo kesi ya zamani kuliko zote. Sarufi iko wazi: saa moja, saa nyingi, saa zimekwenda. Hakuna "masaa" katika Kiswahili sanifu, na kila mwalimu ameshalikata kwa wino mwekundu. Lakini hebu sikilizeni sentensi hii: "Daktari alifanya kazi saa tatu." Alifanya kazi kwa muda wa saa tatu, au aliifanya ilipofika saa tatu? Kwa kuwa saa zetu za ukutani na saa za muda hutumia neno lile lile, watu wa kawaida wakaona wazitenganishe. Mtu akisema "saa tatu", anakusudia asubuhi au usiku. Akisema "masaa matatu", unajua amesubiri sana. Mimi gazetini nililikata, nikaweka "kwa muda wa saa tatu", maana gazeti lina sheria zake. Lakini sitamwita mjinga mtu aliyeona pengo katika lugha akaliziba mwenyewe bila kusubiri kikao.

"Swala" na "suala" nalipita haraka. Anayeandika "swala la maji" amekosea tahajia, na msomaji atamwona mnyama mtoni kwa nukta moja kisha ataendelea na maisha.

Maneno mapya ya wataalamu nayo hupigiwa kelele kwa miaka michache, kisha kelele huisha. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, limetukanwa kwa maneno mengi ambayo leo watukanaji wanayatumia. Nani leo anashtuka akisikia "tovuti" au "barua pepe"? "Kishikwambi" kilichekwa sana, mpaka Agosti 2022 makarani wa sensa walipogonga hodi nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi. Tangu hapo sijasikia mtu akicheka. Neno lilisubiri kitu chake kifike mlangoni.

Lipo kosa ambalo sitaki kulicheka, nalo ni "aidha". Aidha maana yake ni tena, vilevile, zaidi ya hayo. Siku hizi wasomi, na nasema wasomi kwa sababu muuza samaki hana kosa hili, wanalitumia mahali pa "ama": "aidha uje au usije". Sauti yake imekaribia neno la Kiingereza, basi wakalivika maana ya Kiingereza. Sasa chukueni tangazo la kazi linalosema: "Mwombaji awe na shahada, aidha awe na uzoefu wa miaka mitatu." Kwa Kiswahili tulichorithi, mwombaji anatakiwa kuwa na vyote viwili. Kwa Kiswahili cha aliyeandika, huenda kimoja kinatosha. Kijana mwenye shahada bila uzoefu akae nyumbani au apeleke barua? Hapo mtu anaweza kukosa kazi.

"Kupelekea" ni ndugu yake. "Mvua zimepelekea mafuriko." Zimempelekea nani? Mimi humpelekea mama unga. Mvua husababisha mafuriko, huleta mafuriko, na anayetaka kufupisha anaweza kusema mvua imenyesha, mto umefurika.

Na kabla sijaondoka kwenye mambo mepesi, niwatetee wanamichezo. Mchezaji ametoka kukimbia dakika tisini, jasho linamtiririka, anawekewa kipaza sauti mdomoni aulizwe anajisikiaje. Mlitaka aseme nini? Atasema anamshukuru Mungu, mechi ilikuwa ngumu, tunawaheshimu wapinzani wetu, mpira una matokeo matatu, na mwisho wa siku tumepata pointi tatu. Hiyo "mwisho wa siku" ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, na sisi tulikuwa na "hatimaye" na "mwishowe" zamani sana. Halafu kuna kichekesho chake: mechi ya saa moja usiku ikiisha karibu saa tatu, kwa hesabu ya Mswahili mwisho wa siku ulishapita tangu magharibi, na mchezaji anazungumza tayari akiwa katika usiku wa kesho yake. Lakini hakumdanganya mtu. Pointi tatu zipo kwenye msimamo wa ligi, na kila mtu ameona nani kafunga.

Sasa tuingie ofisini.

Mtu akisimama kwenye mkutano wa hadhara utamsikia: "Nipende kuchukua fursa hii adhimu." Zamani tulisema "napenda". Kitenzi kikakatwa, kikawa cha kuomba ruhusa, na kikaambukiza wenzake: niseme tu, nishukuru, niombe, nitoe rai, nitoe wito. Msemaji anaomba ruhusa ya kupenda, na hakuna aliyemkataza. Sina ugomvi mkubwa na unyenyekevu, lakini angalieni kinachotokea. Aliyesema "nashukuru" ameshukuru. Aliyesema "nipende kushukuru" amekaa kwenye kizingiti, hajaingia.

Kutoka hapo tunafika kwa mfalme wa maneno yote yanayokera, yaani kitenzi "kuweza". Sentensi ifuatayo nimeitunga mwenyewe, lakini kila kipande chake nimekikuta mezani kwangu kwa nyakati mbalimbali:

"Watu watatu wameweza kupoteza maisha baada ya gari walilokuwa wakisafiria kuweza kuacha njia na kuweza kupinduka, ambapo mkuu wa wilaya ameweza kufika katika eneo la tukio na kuweza kutoa pole kwa wafiwa."

Kuweza ni kuwa na nguvu, ujuzi au nafasi ya kufanya jambo. Anayeweza alijaribu akafaulu. Je, marehemu walijaribu? Gari lilifanya bidii mpaka likapinduka? Mwandishi hakukusudia hivyo, maskini. Basi kwa nini anaandika? Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, na jibu langu ni hili. Kitenzi cha Kiswahili kina kazi nyingi. Kinabeba nafsi, wakati, urejeshi, mtendwa, na kauli, vyote katika neno moja. Mwandishi aliye hewani bila karatasi, anayesikia mtangazaji mwenzake akipumua sikioni, hana muda wa kujenga vitenzi vitano kwa mpangilio. Ukishasema "ameweza", kazi imekwisha. Vyote vinavyofuata vinakuja na "ku-" tu, havihitaji nafsi wala wakati. Kuweza ni gongo la kutembelea. "Ambapo" ni gongo la pili: linaunga mahali, wakati, sababu na chochote kingine, ilimradi mtu asinyamaze.

Hilo linasameheka kwa mtu aliye hewani. Lisilosameheka ni pale gongo linapohamia kwenye taarifa iliyoandikwa ofisini, ikapigwa muhuri, ikasainiwa. "Serikali imeweza kujenga madarasa." "Mkandarasi hakuweza kukamilisha mradi." Ya pili ndiyo yenye sumu. Hakuweza, au hakukamilisha? Asiyeweza tunamwonea huruma, kwa kuwa alizidiwa na mvua, fedha au ugonjwa. Asiyekamilisha tunamdai. Neno moja dogo limehamisha mtu kutoka kwa wadaiwa kwenda kwa wagonjwa.

"Changamoto" nalo lina hadithi inayofanana, na ni hadithi ya kusikitisha zaidi kwa sababu lilianza likiwa neno zuri. Changamoto ni jambo linalokuchokoza ukaze mwendo. Mwalimu akimpa mwanafunzi hesabu ngumu kuliko darasa lake, hiyo ni changamoto. Tazameni sasa limemeza nini: shida, taabu, dhiki, kero, adha, kikwazo, kasoro, upungufu, ukata, uzembe, wizi, njaa. Kila moja lilikuwa na uzito wake na mahali pake. Mwenye dhiki anasaidiwa. Mwenye uzembe anakaripiwa. Mwizi anakamatwa. Yote hayo yakishakuwa changamoto, kinachobaki ni "kukabiliana nazo kwa pamoja", na hukabiliani na mtu.

Mnaukumbuka mwaka 2021 ulivyoanza. Takwimu za Korona Tanzania zilikuwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 tangu Mei 2020, na hazikutolewa tena mpaka mwaka uliofuata. Watu walizika. Katika salamu za rambirambi na kwenye matangazo ya misiba likazoeleka fungu moja la maneno: "changamoto ya upumuaji". Sitaki kumlaumu mfiwa. Mfiwa husema anachoruhusiwa kusema. Lakini kama mtu anayeishi kwa maneno, sijawahi kuona neno likitumikishwa kiasi kile. Mtu amekosa hewa, amekufa, na lugha inasema alipata jambo la kumchangamsha.

"Mchakato" utachukua muda mfupi, kwa sababu wenyewe ni mrefu. Kuchakata ni kazi halali: tunachakata samaki, gesi, taarifa. Mchakato una mwanzo na una mwisho, na ukimaliza unapata kitu mkononi. Tanzania tulikuwa na Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2011, Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2012, Bunge Maalumu mwaka 2014, na Katiba Inayopendekezwa ikakabidhiwa Dodoma Oktoba mwaka huo. Kura ya maoni ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Tangu hapo kila anayeulizwa huzungumzia "mchakato": umesimama, umekwama, utafufuliwa, unakwamuliwa. Angalieni vitenzi hivyo. Mchakato umekuwa kiumbe chenye maradhi yake. Hakuna aliyeusimamisha, wenyewe tu umesimama.

Hapa nawaomba walimu wa sarufi wanivumilie. Kiswahili kina kauli mbili zinazomwezesha msemaji kumwondoa mtendaji jukwaani. Ipo kauli ya kutendwa: sahani imevunjwa. Hapo mtendaji hatajwi, lakini kivuli chake kipo, unaweza kuuliza "na nani?" Na ipo kauli ya kutendeka: sahani imevunjika. Hapo hata kivuli hakuna. Mtoto yeyote wa Kiswahili aliyesimama jikoni juu ya vigae vya sahani anaijua kauli hii kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Hasemi "nimevunja". Anasema "imevunjika", na mama, ambaye naye aliwahi kuwa mtoto, anamwelewa vizuri sana.

Mtoto yule amekua, ameajiriwa masijala. Unakwenda kufuatilia hati yako ya kiwanja. "Faili halionekani." Hakusema hajaliona, wala hakusema hajalitafuta. Faili lenyewe ndilo lenye tabia ya kutoonekana. Unarudi wiki inayofuata: "Mtandao unasumbua." Mtandao ni mtu mzima mwenye vurugu zake, nenda kagombane nao. Wiki nyingine umeme umekatika, na tangazo linaomba radhi kwa "usumbufu uliojitokeza". Usumbufu umejitokeza! Ulikuwa umejificha mahali, ukaona utoke ukasalimie wateja.

Siwalaumu waliotuachia kauli ya kutendeka. Ni mali. Bila hiyo tungesemaje kwamba jua limeonekana mawingu yakatawanyika, au kwamba moyo umevunjika? Inafaa kwa mambo ambayo kweli hayana mtendaji, au ambayo mtendaji wake ni Mungu. Ninachokataa ni fedha za umma kuingizwa katika kundi la jua na mawingu.

"Zoezi" ndilo neno la vitendo vya serikali. Zoezi la usafi, zoezi la uandikishaji, zoezi la uhakiki. Zoezi ni jambo la shuleni au la uwanjani. Unalifanya ili ujifunze, ukikosea unafuta. Kabla yake tulikuwa na "operesheni". Kuanzia mwishoni mwa 1973 hadi 1976 mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na kazi hiyo iliitwa Operesheni Vijiji. Wengine waliiita Operesheni Sogeza. Kusogeza! Unasogeza kiti ili mgeni apite. Wapo waliosogezwa kwa kuchomewa nyumba.

Hata hivyo watu wa kawaida wana dawa yao, na dawa hiyo hunipa raha. Nyumba zilipobomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, Dar es Salaam, taarifa zilikuwa na maneno marefu kuhusu hifadhi ya barabara na zoezi la kuwaondoa waliovamia. Mitaani lilikuwapo neno moja, bomoabomoa. Na kulikuwa na kitenzi kamili cha kuonyesha mtu yuko hatua gani: "Nimewekewa X." Alama ile nyekundu ukutani. Ukisikia "jirani amewekewa X" hukuhitaji ufafanuzi wa mamlaka yoyote. Neno limeona, limeshika, limesema. Ukitaka kujua Kiswahili kinakwenda wapi, fuata waliowekewa X, usifuate waliotoa taarifa.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, na nadhani najua anachofikiri: kwamba kila zama zina maneno yake ya kuchosha, na zama zetu sisi za Azimio la Arusha zilikuwa nayo tele. Kweli kabisa. Baada ya Februari 1967 huwezi kuhesabu mara ngapi tulisikia unyonyaji, mirija, kupe, mabepari na makabaila. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, kitabu kilitoka na jina la Mabepari wa Venisi, na msomaji wa wakati ule alijua mara moja amchukie nani. Maneno yale yalichosha, na pia yaliumiza. Mwenye duka la chumvi na kibiriti kijijini aliweza kuitwa kupe mbele ya wanawe. (Naona mnacheka. Ndiyo, nimetumia "aliweza". Hapo lipo mahali pake, maana kuitwa hivyo kulimtegemea aliyesema.) Lakini yalikuwa na tofauti moja na haya ya leo. Yalimtaja mtu. Ukiitwa kupe unaweza kubisha, ukaleta mashahidi, ukasema nionyesheni damu niliyonyonya. Ukiambiwa kuna changamoto kwenye mchakato, utabishana na nani?

Jirani zetu wa Kenya nao wana yao, na nimekuwa nikiangalia habari zao za runinga kwa wivu, kwa sababu wasomaji wao wana sauti nzuri sana. Ripoti huanza na wahenga. "Wahenga hawakukosea waliponena," kisha methali, kisha mwili wa habari. Wahenga hao wananipa mashaka. Wamekuwa na maoni juu ya bei ya unga, mgomo wa madaktari, na ligi kuu ya Uingereza. Na ripoti hufungwa kwa sentensi moja ambayo kila Mkenya hapa anaweza kuimalizia: wakaazi wa eneo hilo sasa wanaitaka serikali... kuingilia kati. Naona mmeitikia. Ni sentensi ya haki, ila imechakaa hadi haiumi tena. Serikali ya kata? Ya kaunti? Ya taifa? Wizara gani? Mwandishi angepata jina la ofisa wa barabara wa eneo lile akaliweka hapo, ofisa angeisikia taarifa ya saa moja akiwa mezani anakula, na ugali ungemkwama.

Lipo fungu la maneno ambalo naligusa kwa uangalifu. Polisi wamekuwa wakiandika "watu wasiojulikana" tangu enzi na enzi, na lilikuwa fungu la uaminifu: tukio limetokea, wahusika hatujawajua, uchunguzi unaendelea. Ni kauli ya muda. Inatakiwa ife siku jina linapopatikana. Septemba 2017 Tundu Lissu, mbunge wa wakati ule, alipigwa risasi mchana, Dodoma, na watu wasiojulikana. Mpaka leo bado hawajulikani. Katika miaka ile na iliyofuata fungu hilo liliacha kuwa maelezo likawa jina. Watu hawakusema tena "alichukuliwa na watu wasiojulikana". Walisema "amechukuliwa na wasiojulikana", kama wanavyotaja idara. Kisarufi ni mabadiliko madogo, kivumishi kimekalia kiti cha nomino. Sijaona badiliko la kisarufi lililonitia baridi kuliko hilo, na linaonyesha kwamba wananchi wanasikiliza vizuri sana maneno ya wakubwa. Waliposhindwa kupata jina, walitumia pengo lenyewe kuwa jina.

Baada ya hayo sioni tena haja ya kumkaripia kijana kwa sababu ya "kiukweli". Ni kweli, "kwa kweli" ni fasaha zaidi, na "kiukweli" mara nyingi hutangulia jambo ambalo halikuwa na shaka. Mwache. Atakua.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kabla hatujaingia humu ndani: nikitaka kujifunza kuyasikia maneno hayo, nianzie wapi? Nilimwambia aanze na lile linalotoka kinywani mwa ofisa mwenye tabasamu kuliko wote, nalo ni "linafanyiwa kazi". "Suala lako tumelipokea, linafanyiwa kazi." Ni sentensi kamilifu. Ina heshima, ina matumaini, haina uongo hata chembe, kwa maana huwezi kuthibitisha kwamba halifanyiwi. Umeondoka ofisini ukiwa umeshukuru.

Niliwahi kuisikia ikijibiwa vizuri, katika mkutano wa kijiji kimoja mkoani Pwani. Ajenda ilikuwa pampu ya kisima, iliyoharibika (na kuharibika huku kulikuwa halali, ilipigwa na radi). Ofisa kutoka wilayani alieleza kwamba kuna changamoto ya vipuri, mchakato wa manunuzi unaendelea, na suala zima la pampu linafanyiwa kazi. Wanaume waliokuwa chini ya mwembe wakaanza kukung'uta suruali wajiondokee. Mama mmoja aliyekuwa amekalia ndoo yake alinyoosha mkono, hakusimama.

"Baba, tunashukuru. Huyo anayelifanyia kazi anaitwa nani?"

Ofisa akasema ni idara nzima. Mama akasema sawa, na katika idara, karatasi ya pampu yetu iko kwenye meza ya nani. Ofisa akamtazama dereva, dereva akatazama gari. Kisha akataja jina. Mama akauliza namba ya simu, ikatajwa nayo. Mwenyekiti wa kijiji akaviandika vyote kwenye daftari la mihutasari, akawasomea watu kwa sauti kuhakikisha tarakimu ni kumi, halafu akaita ajenda ya pili, mbuzi wanaoingia shamba la shule, ambayo ilichukua muda mrefu zaidi kwa sababu wenye mbuzi wote walikuwapo na walijulikana.